Nilitia sahihi, na huenda wewe pia: ufisadi wa kaunti huanzia wapi?



Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, asubuhi moja ya mwezi wa Februari, tuliitwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu. Tangazo lilitufikia jana yake usiku kupitia simu ya mzee wa mtaa: kuna kikao cha kaunti, tujitokeze, nauli ipo. Tulikuta viti vya plastiki, kipaza sauti, soda, sinia za mahamri, na karatasi ndefu ya kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Nikaandika jina, nikatia sahihi, nikapokea shilingi 500. Afisa mmoja alitusomea kurasa kadhaa mbio mbio, Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, mambo ya asilimia na mabilioni. Adhuhuri ilipokaribia kila mtu akawa anatazama saa. Kikao kikafungwa kwa dua. Sikumbuki kuuliza swali hata moja.

Baadaye kikaja kisima. Kilichimbwa si mbali na shule ile ile: tangi jeusi la lita 10,000 juu ya nguzo za chuma, pampu ya sola, mifereji minne na kibao kizuri chenye nembo. Kilizinduliwa kwa ngoma na kukata utepe. Maji yaliyotoka yalikuwa ya chumvi. Sisi watu wa pwani twavijua visima vyetu. Karibu na bahari ukichimba ukapita kiasi, au ukavuta maji kwa pampu kuliko ardhi inavyoweza kurudisha, bahari hukufuata ndani. Wazee walilisema hilo kabla ya mtambo wa kuchimba kufika. Hivi leo maji yale yanafulia nguo kwa taabu, maana sabuni haitoi povu. Mama mmoja jirani yetu anayeuza mahamri ananunua maji ya kukandia unga kwa kijana wa mkokoteni, dumu la lita 20 kwa shilingi 30, naye anapita kando ya tangi la serikali kila alfajiri.

Nilipokwenda kulalamika, kijana wa afisi ya wadi alinijibu kwa adabu zote. "Lakini ami, wananchi mlishirikishwa. Majina yenu yako hapa." Akanionyesha karatasi. Jina langu lilikuwa la kumi na tisa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma sheria za kaunti kama mtu anayetafuta pale alipoangusha ufunguo, na nilichokigundua ndicho ninachotaka tuelezane leo. Tunapozungumza ufisadi barazani tunamfikiria mtu anayebeba bahasha, au afisa aliyekamatwa na kupelekwa mahakamani Shanzu. Hayo ni mambo ya mwishoni. Pesa nyingi za kaunti hupotea mapema zaidi, mchana kweupe, kwenye karatasi zenye sahihi halali za watu wasiojiona wezi. Na kwa kuwa hupotea mapema, hapo mapema ndipo zinapoweza kuzuiwa.

Tuanze na karatasi ya mahudhurio. Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 201 kinasema wazi kwamba mambo ya fedha za umma lazima yaendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa watu. Kwa muda kaunti zilichukulia maneno hayo kama mapambo. Kisha Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kutoza ada na ushuru ilianguka kwa kosa hilo moja. Kwa maoni yangu, tangu hapo ndipo kaunti zote zilipojifunza thamani ya orodha ya majina. Wengine wamejifunza kushirikisha watu kikweli. Wengine wamejifunza kukusanya sahihi. Kwa hakimu anayetazama faili, mambo hayo mawili yanaweza kufanana sana.

Kwa hiyo sahihi yako pale ukumbini si ya kupokea nauli. Ni ushahidi. Siku mtu akienda mahakamani kupinga mradi, karatasi ile ndiyo itakayoletwa kuonyesha kwamba wewe ulikuwepo, ukasikia, na hukupinga.

Jambo la pili ni kwamba tunaitwa kwenye vikao bila kujua kikao ni cha nini, basi tunauliza swali sahihi siku isiyo yake. Bajeti ya kaunti ina kalenda, imeandikwa katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na inafaa mtu aibandike jikoni kama ratiba ya Ramadhani. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inapeleka kwenye bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Humo ndimo miradi inamozaliwa. Kufikia tarehe 28 Februari unapelekwa waraka wa mikakati ya fedha, ambao hugawa viwango: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Kufikia tarehe 30 Aprili yanapelekwa makadirio yenyewe ya bajeti, mradi kwa mradi pamoja na bei zake, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa.

Sasa ona. Sisi tulikwenda Februari na mioyo yetu ikiwa kwenye kisima. Ukisimama Februari ukauliza kwa nini kisima kiko hapa na si kule juu kwenye maji matamu, utaambiwa hilo si suala la leo, na kweli si la leo. Lilikuwa suala la Agosti, mpango ulipokuwa ukiandikwa, na wewe Agosti hukuitwa, au uliitwa ukasema umechoka na vikao. Ukirudi Mei utaambiwa mpango ulikwisha pita. Mtu anaweza kuhudhuria kila kikao anachoitwa kwa miaka mitano na asiguse chochote.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 137, imeunda baraza la bajeti na uchumi la kaunti. Gavana ndiye mwenyekiti, na idadi ya wajumbe wasio maafisa wa serikali lazima ilingane na ile ya mawaziri wa kaunti: watu wa taaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Makundi ya dini, jamani. Maimamu na wachungaji wana kiti pale kwa mujibu wa sheria. Jaribu kuuliza msikitini kwenu ni nani anatuwakilisha kwenye baraza hilo, alikaa lini mara ya mwisho, na alisema nini. Mimi niliuliza, tukaanza kutazamana.

Baada ya bajeti huja zabuni, na hapa watu wengi hudhani uovu hutokea siku ya kufungua bahasha. Mara nyingi siku hiyo huwa ni ya maonyesho tu. Mchezo huwa umekwisha wakati wa kuandika masharti. Afisa akitaka kampuni fulani ipate kazi, hana haja ya kuiba bahasha ya mtu. Ataandika kwamba mwombaji awe amechimba visima vya kina fulani, ana mtambo wa aina fulani, na mauzo ya kiasi fulani kwa mwaka, mpaka ibaki kampuni moja tu inayotosha ndani ya kanzu ile. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inakataza masharti yanayotaja chapa au mtengenezaji mmoja, inakataza kuigawanya kazi moja vipande vipande ili kukwepa ushindani, na inakataza watumishi wa umma na jamaa zao wa karibu kupewa kandarasi na taasisi zao wenyewe. Tena inasema ununuzi usianze kabla ya kuhakikisha kwamba pesa zipo kwenye bajeti. Mwombaji aliyeonewa ana siku 14 kupeleka lalamiko kwenye bodi ya rufaa ya zabuni. Wafanyabiashara wetu wadogo hawaitumii haki hiyo, kwa kuwa wanaogopa kuitwa wasumbufu na kukosa kazi nyingine kesho. Siwalaumu sana. Lakini asiyekwenda kwenye bodi atakuja kulalamika kahawani, na kahawani hakuna bodi.

Nataka nikae kidogo kwenye hatua moja ambayo sijaona ikizungumzwa, nayo kwangu ndiyo mlango mkuu. Sheria hiyo ya 2015, kifungu cha 48, inataka kila bidhaa au kazi ikikamilika ikaguliwe na kamati ya ukaguzi na upokeaji. Ina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Kazi yao ni kwenda, kutazama, kulinganisha na mkataba, kupima pale inapohitajika, kisha kukubali au kukataa. Bila cheti chao, mwanakandarasi hastahili kulipwa.

Watu watatu. Mara nyingi ni watumishi wa kawaida wa kaunti, majirani zetu tunaoswali nao safu moja. Hawakuandika mpango, hawakutoa zabuni, hawamjui mwanakandarasi. Siku hiyo wanaletewa gari na karatasi, wanaambiwa bosi anataka faili ifungwe kabla ya mwezi kwisha. Mwezi wenyewe mara nyingi ni Juni, kwa kuwa tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa na kila idara inakimbizana na saa. Wanafika, wanaona tangi limesimama, wanafungua mfereji, maji yanatoka. Wanatia sahihi. Nani aliyeonja? Nani aliyepeleka chupa moja ya maji yale maabara?

Hapo ndipo kisima chetu kilipopotea. Kilipotea kwa sahihi tatu za watu ambao pengine hawakula hata senti. Ni kwa sababu hiyo nasema mafunzo ya maadili tunayosikia yakifanywa kwenye hoteli za ufukweni yangefaa yawafikie hawa watatu kabla ya kuwafikia wakubwa, na yawaambie jambo moja la maana: mna haki ya kukataa, na mkikubali kilicho kibovu, mzigo unaweza kuwaangukia nyinyi. Kifungu cha 226 cha Katiba hakina mchezo. Mwenye wadhifa wa umma akielekeza au akiidhinisha matumizi ya pesa kinyume cha sheria, anawajibika kuilipa hasara hiyo, awe bado yuko kazini au ameshaondoka.

Pia kuna upande wa mwanakandarasi, ambao si haki kuuruka. Kaunti zetu zina mazoea ya kuchelewesha malipo. Mtu anajenga choo cha soko kwa mkopo wa benki, anamaliza, anakaa miaka miwili akipanda ngazi za afisi ya fedha. Riba inakua. Siku moja anatokea kijana anamwambia faili lako linaweza kusogezwa. Wewe ungefanyaje? Deni lisilolipwa kwa wakati ni duka la hongo. Kila siku ya kuchelewa ni bidhaa mpya kwenye rafu. Na mwanakandarasi mzoefu, akijua kwamba atalipwa kwa kuchelewa na kwa kutoa, hulipiza mapema: anaongeza bei kwenye zabuni, au anapunguza saruji kwenye ukuta. Kaunti inayoandika hadharani orodha ya wadai wake, tarehe ya kila ankara na nani kalipwa kwanza, inalifunga duka hilo bila kumkamata mtu.

Wengine husema tumwachie Mkaguzi Mkuu. Ni afisi ya heshima, na ripoti zake zinasomwa na wachache mno kuliko zinavyostahili. Ila tuelewe inavyofanya kazi. Katiba inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani hadi mwisho wa Desemba, kutoa ripoti. Baada ya hapo bunge la kaunti lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua, na Seneti nayo ina kamati yake ya kuwahoji magavana. Ukihesabu, kosa la Julai mwaka huu linaanza kujadiliwa baada ya mwaka na nusu, au zaidi. Tangi limeshapata kutu. Na kuna kosa jingine la kuelewa: mwanasiasa akijigamba kwamba kaunti yake imepata rai safi ya mkaguzi, maana yake kubwa ni kwamba hesabu zimeandikwa sawa. Haina maana kwamba maji ni matamu. Katiba inamtaka mkaguzi athibitishe pia kama pesa zilitumika kihalali na kwa manufaa, kwa hiyo ripoti isomwe mpaka ndani, si ukurasa wa mbele tu.

Na EACC? Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina afisi Mombasa na Malindi, na nambari ya simu isiyolipiwa, 1551. Huchunguza. Haishtaki wala haihukumu. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kuhukumu ni ya mahakama. Tunapoilaumu tume kwa kesi iliyokwama miaka minane mahakamani tunampiga asiyehusika, naye mhusika anapumua.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo panaponikera zaidi. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Masheikh wetu wanakisimulia kila mwaka nasi twatikisa vichwa. Kifungu cha 76 cha Katiba kinakaribia kusema hilo hilo kwa lugha ya kisheria: zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye hafla ya umma ni ya Jamhuri, aikabidhi. Na tarehe 30 Julai 2025 Rais alitia sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayowabana zaidi watumishi wa umma wanaochanganya kazi na biashara zao, EACC ikiwa msimamizi.

Lakini zawadi zina njia mbili. Mwakilishi wadi wetu anapigiwa simu saa tano za usiku kwa sababu ya sanda. Asubuhi anapigiwa kwa ajili ya ada ya shule. Ijumaa kamati ya msikiti inamwita kwa ajili ya zulia, Jumamosi vijana wanataka jezi, Jumapili kuna harusi na jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mchango kabla hajaulizwa. Asipotoa, tunasema ana roho mbaya, kipindi kijacho haponi. Sisi tunajua mshahara wake hautoshi robo ya hayo. Hatuulizi pesa zinatoka wapi. Tunauliza tu ni ngapi. Nami nimo. Niliwahi kukaa kwenye kamati moja ya arusi tuliyompangia kiongozi mchango wa chakula, na pilau ile niliila.

Ukimtoza kiongozi kodi isiyo rasmi, ataikusanya mahali. Ataikusanya kwenye kandarasi ya kampuni ya shemeji yake. Huyo ndiye atakayechimba kisima, na wewe ndiwe utakayeonja chumvi.

Basi nini kifanyike hapo ulipo, bila kusubiri Nairobi? Nitaeleza njia moja tu, kwa kuwa nimeipita mwenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imeeleza namna. Barua yako inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amsaidie kuiandika. Hulazimiki kueleza sababu za kuomba. Kupeleka maombi hakuna ada, ila nakala za karatasi waweza kutozwa. Wana siku 21 kukujibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita afisi ya Ombudsman, nayo ina nguvu ya kuamuru.

Siri iko kwenye unachoomba. Ukiandika kwamba wataka kujua pesa za maji zimekwenda wapi, utajibiwa kwa hotuba. Taja karatasi kwa jina. Mimi niliomba nne: ukurasa wa mpango wa mwaka ulio na mradi ule, mkataba pamoja na orodha ya kazi na bei zake, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, na matokeo ya kupima maji. Kama bei ilibadilishwa katikati ya kazi, omba na karatasi za mabadiliko hayo pia, maana sheria haikubali nyongeza zote kwa jumla zipite asilimia 25 ya bei ya mkataba wa kwanza. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri ule siku 21 hazina pa kuanzia.

Nikumbushe pia kwamba kuuliza si kutuhumu. Kwetu mji ni mdogo, kila mtu ni mtoto wa fulani, na kumzulia mtu wizi ni buhtani, dhambi nzito na kesi pia. Uliza karatasi, acha karatasi iseme. Na aliye ndani ya afisi ajue kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka aripoti hongo anayoijua au kuishuku ndani ya saa 24, na inawalinda watoa taarifa na mashahidi wasionyanyaswe. Najua hofu ya kuhamishwa kupelekwa vichakani haiondolewi na kifungu cha sheria. EACC wana njia ya kupokea taarifa mtandaoni bila kutaja jina, itumiwe.

Jibu langu lilikuja siku ya kumi na nane. Walinipa ukurasa wa mpango na mkataba. Ndani ya orodha ya kazi kulikuwa na mstari wa kupima ubora wa maji, na bei yake kando. Cheti cha upokeaji na matokeo ya maabara hawakunipa, wakasema yanatafutwa. Nimeshapeleka lalamiko kwa Ombudsman, nangoja.

Februari ya mwaka huu tuliitwa tena, ukumbi ule ule. Karatasi ya majina ilipita, juu yake hapana neno. Nikamuuliza binti aliyekuwa akiigawa: "Mwanangu, hii ni karatasi ya nini?"

"Ni ya nauli tu, ami."

"Basi naomba iandikwe juu kwamba ni ya nauli."

Akamtazama mkubwa wake. Wakanong'ona. Baada ya kitambo zikaja karatasi mbili: moja ya nauli, ya pili ya mahudhurio, yenye tarehe, jina la waraka unaojadiliwa, na safu ya pembeni iliyoandikwa "maoni". Nikatia sahihi zote mbili. Nyuma yangu alikuwa yule mama wa mahamri. Alikisoma kichwa kile mara mbili, akaomba kalamu, akaandika jina lake, na kwenye safu ya maoni akaandika: maji ya chumvi. Aliyekuwa nyuma yake akaichukua kalamu kabla haijawekwa mezani.